Samli, mafuta ya ng'ombe na alizeti: niliyojifunza jikoni Singida

Mwaka 2022 ulinikuta nauza maandazi, chapati na supu ya asubuhi karibu na stendi, Singida mjini. Februari ile Urusi ikaivamia Ukraine, nchi iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Tarehe 28 Aprili Indonesia nayo ikazuia mawese yake kutoka, na haikuyaachia mpaka 23 Mei. Sisi Tanzania tulikuwa tukiagiza zaidi ya nusu ya mafuta tunayokula, kwa hiyo balaa la mbali lilitufikia mpaka kwenye karai. Ndugu wa mikoa mingine walikuwa wakinipigia simu: "Ninyi Singida mna alizeti, mnalalamika nini?" Alizeti yetu ilipanda pamoja na mengine, kwa sababu kila aliyekosa mawese alikuja kupanga foleni kwenye mashine zetu za kukamua. Dumu la lita 20 lilikaribia mara mbili ya bei niliyoizoea, huku mteja akitaka andazi lake kwa bei ile ile.

Ndivyo nilivyoingia kwenye mafuta ya wanyama. Nilianzia buchani, nikaenda kwenye samli, na katikati ya hayo mama yangu akaugua. Naandika kwa sababu siku hizi kila simu ina mtu anayesema mafuta ya mbegu ni sumu na samli ni dawa, na mwingine anayesema kinyume chake kwa hasira ile ile. Mimi nimepika kwa yote hayo, nimeyalipia kwa fedha yangu, na nimemuuguza mzazi huku ndugu wakibishana juu ya sufuria yake.

Nianze na buchani. Mwanzoni muuza nyama alikuwa ananipa bure: "Chukua dada, yananijazia beseni tu." Baada ya muda mama lishe wengine nao wakaanza kuyaulizia, na bure ikawa bei. Ukienda, omba yale mafuta meupe, magumu, yanayozunguka figo. Hayo ndiyo safi kuliko yote. Mabaki yanayokatwa kwenye steki huwa na vinyama na damu, na hivyo ndivyo vinavyoleta harufu na kuyafanya yaharibike mapema. Nyumbani unayakata vipande vidogo sana, unayaosha, unayaweka kwenye sufuria nzito pamoja na maji kama glasi moja. Maji ni ya kuzuia vipande vya chini visiungue kabla mafuta hayajaanza kutoka. Moto uwe mdogo, na usifunike, kwa sababu jasho la mfuniko hurudi ndani. Mwanzoni sufuria inachemka kwa kelele. Kelele zikipungua na vipande vikabaki vimekauka rangi ya kahawia, maji yamekwisha. Chuja kwa kitambaa safi kwenye chombo kikavu kabisa. Tone la maji likibaki chini ya chombo, wiki chache zinatosha mafuta kunuka.

Watu husifu sana mafuta haya kwamba ni rahisi, lakini wanasahau kuhesabu mkaa. Kazi hii inakula nusu ya asubuhi kwenye moto wa taratibu, na kilo uliyonunua inapungua robo au zaidi. Ukijumlisha bei ya buchani, mkaa na muda wako, nafuu inabaki ndogo kuliko unavyodhani. Na tafadhali, watoto wakae mbali. Jirani yangu alitumbukiza mwiko wenye maji kwenye mafuta yaliyokwisha kuiva, yakaruka, akaungua mkono wote. Kovu analo mpaka leo.

Sasa maandazi yenyewe. Yakitoka kwenye karai la mafuta ya ng'ombe yanakuwa makavu kwa nje, yana rangi nzuri, na ladha ambayo wazee wa stendi waliitambua kwa tonge la kwanza. Shida ni yakipoa. Mafuta ya ng'ombe yanayeyuka kwenye joto la kama nyuzi 40, kwa hiyo mwezi wa sita na wa saba, upepo wa Singida ukivuma alfajiri, andazi lililokaa kidogo linashika utando mweupe, na mlaji anahisi kitu kimegandia kwenye kaakaa. Chapati ndiyo mbaya zaidi. Mafuta haya ni ya chakula kinacholiwa moto. Ukitaka kufungia abiria wa basi chapati za njiani, usiyatumie.

Jambo jingine ni haki ya mlaji. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nawaambia wateja kwamba haya yamekaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Wateja Waislamu waliuliza bucha gani na nani kachinja, na nilikuwa na jibu kwa kuwa nilinunua kwa mtu anayejulikana. Dada mmoja Msabato ambaye ameacha kula nyama alinishukuru, akasogea kwenye meza ya jirani. Ilibidi niwe na makarai mawili, moja la alizeti na moja la mafuta ya ng'ombe, na majiko mawili maana yake mkaa mara mbili. Kuna wanaokaanga kwa mafuta ya nyama wakakaa kimya ili wasipoteze mteja. Naliona hilo kuwa dhuluma. Mtu ana haki ya kujua kinachoingia mwilini mwake, hasa pale dini yake au daktari wake amemwekea mipaka.

Samli nilifundishwa na shangazi yangu, upande wa Ikungi. Yeye bado anatumia kibuyu. Maziwa yanaachwa yagande, yanamiminwa kwenye kibuyu kisichojazwa mpaka juu, kisha kinasukwasukwa kwa mwendo mmoja, bila papara. Nilipotaka kuharakisha kwa kukisogeza juani, alinizuia. "Yakipata joto sana, mwanangu, siagi inalainika humo humo na kupotea. Yakiwa baridi sana haiji. Suka asubuhi." Siagi ikishikana unaitoa, unaiosha kwa maji baridi na kubadilisha maji mpaka yatoke maangavu, maana maziwa yakibaki ndani ndiyo yanayoichachusha. Halafu jikoni, moto mdogo. Povu linapanda, unaliengua. Sikiliza: inachataka, inachataka, kisha inatulia. Chini kunabaki machicha ya kahawia yenye harufu ya karanga za kukaanga, juu samli imekuwa angavu rangi ya dhahabu. Hapo epua mara moja, kwa sababu machicha yakiwa meusi samli yote inakuwa chungu na hakuna dawa yake. Machicha hayo watoto wanayagombania kwa ugali.

Fanya hesabu kabla hujanunua samli ya mtu yeyote. Maziwa yenye mafuta asilimia 4 yana kama gramu 40 kwa lita, kwa hiyo kilo moja ya samli inataka lita 25 hivi. Ng'ombe wetu wa asili maziwa yao ni mazito zaidi, tuseme lita 20. Zidisha kwa bei ya maziwa mtaani kwako, ongeza kuni na jasho la mtu. Maziwa yaliyotolewa siagi nayo yana bei yake, lakini hayafidii yote. Ukiona kilo inauzwa chini sana ya hesabu hiyo, jua kuna mafuta mengine yamechanganywa humo, mara nyingi mafuta ya mimea ya kuganda. Harufu haitakuokoa, kwa sababu samli kidogo inatosha kunukisha kopo zima. Mimi nanunua kwa mtu ambaye nalijua zizi lake, au sinunui.

Mama alikuja kukaa nasi mwaka uliofuata, baada ya kuchoka kuishi peke yake kijijini. Ni binti wa wafugaji na anapenda samli. Kaka yangu, kwa mapenzi ya mtoto kwa mama, alikuwa akimletea kopo kila anapopita. Nyumba nzima ilifurahi: mama anaunga maharage kwa samli, anakaangia mayai samli, wali samli, chapati samli. Kijijini alikuwa akiteka maji na kulima. Mjini anakaa kivulini anachambua mchele. Kisha akaanza kulalamika kuchoka na kichwa kumuuma. Kliniki wakamkuta na presha, na kipimo cha damu kikaonyesha lehemu mbaya (kolesteroli) iko juu. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikimwangalia anavyopumua na kuwaza kwamba chakula cha mapenzi ndicho kinachomuumiza.

Daktari hakumkataza kila kitu. Alimpa dawa, akamwambia atembee, apunguze chumvi, apunguze sana samli na mafuta ya nyama, na mboga zake zipikwe kwa alizeti kidogo. Kaka alipokuja akakasirika. "Hao wanataka kutuuzia mafuta ya viwandani. Mbona Wamasai wanakunywa maziwa na kula mafuta tangu enzi na enzi, na moyo hauwasumbui?" Ni hoja inayosikika kila kijiwe, kwa hiyo niliifuatilia mpaka mwisho.

Mwaka 1964 daktari Mmarekani, George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alichapisha utafiti juu ya Wamasai. Aliwakuta wanaume wanaoishi kwa maziwa na nyama, lakini lehemu yao iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni chache sana. Hapo ndipo wengi wanaposimulia na kuishia. Lakini mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kupasua miili ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki, na humo walikuta mishipa ya moyo ina utando wa mafuta ukutani, kama ya wazee wa Marekani. Kilichowaokoa, kwa maoni yao, ni kwamba mishipa hiyo ilikuwa imepanuka, na sababu waliyoifikiria ni mazoezi makali ya maisha ya kutembea na mifugo. Nilimsomea kaka taarifa hiyo, nikamuuliza kama mama anachunga ng'ombe hapa mjini. Alinyamaza.

Aliyemaliza ubishi ni mama mwenyewe. Tulikuwa tumekaa jikoni, akasema, "Ninyi mnabishana juu ya samli kama vile sisi tulikuwa tunaiogelea." Akatueleza walivyokula. Samli ilikuwa ya mgeni, ya mwanamke aliyejifungua, ya mgonjwa anayeinuka, na ya kuuzwa mnadani ili kupata chumvi na nguo. Mboga ya kila siku ilikuwa chukuchuku, au mlenda, au majani yaliyotiwa karanga za kutwanga. Samli ilipotoka, bibi alichukua kijiko akadondoshea juu ya ugali wa kila mtoto, akafunga kibuyu chake. "Kukaangia?" akasema mama. "Nani angekaangia samli? Hata karai hatukuwa nalo."

Nilikaa na maneno hayo kwa muda mrefu. Sisi tulikuwa tumerudi kwenye mafuta ya mababu lakini tukabaki na mkono wetu wa siku hizi, mkono wa kumimina. Kuunga kila mboga, kukaanga kila asubuhi, mafuta yaelee juu ya mchuzi ndipo mgeni ajue ameheshimiwa. Tulizoea mkono huo wakati mafuta ya dumu yalipokuwa rahisi. Ukichukua mkono huo ukautia samli, unamlisha mtu kwa siku moja kiasi ambacho bibi alikigawa kwa nyumba nzima.

Tangu hapo napima kwa kijiko, na hesabu nimeibandika ukutani. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote, yawe samli au alizeti, kina kalori kama 120. Kwa unene hakuna mtakatifu kati yao. Tofauti iko kwenye aina ya mafuta yaliyomo. Samli, zaidi ya asilimia 60 ni yale mafuta magumu yanayopandisha lehemu mbaya. Mafuta ya ng'ombe ni karibu nusu. Alizeti ni kama asilimia 11 tu. Ila msidhani kila cha mimea ni chepesi, maana mawese nayo ni karibu nusu, na mafuta ya nazi yanazidi asilimia 80. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta hayo magumu yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 22 hivi, na kijiko kimoja cha samli kina kama gramu 8 au 9. Vijiko viwili, na nafasi iliyobaki kwa nyama na maziwa ya siku nzima ni ndogo sana.

Mama sasa anapata kijiko kidogo cha chai, si kila siku, na anakipata kwa namna ya bibi: juu ya ugali wa moto au wali, mwishoni, pale ambapo harufu yake inasikika. Nimeshangaa jinsi kiasi hicho kinavyomtosheleza kuliko vijiko vitatu vilivyozama kwenye maharage. Mboga zake naunga kwa kijiko cha alizeti kwa sufuria nzima, nyingine natia karanga, nyingine chukuchuku yenye nyanya na ndimu. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Alisusa chakula, akasema tunamlisha kama mfungwa, na mara moja alilia. Usimlazimishe mzee kwa amri. Nilichofanya ni kumwachia yeye kijiko na kopo, agawe mwenyewe. Jioni anatembea na wajukuu mpaka kanisani na kurudi. Vipimo vilivyofuata lehemu ilikuwa imeshuka. Daktari alisema dawa, mwendo na chakula vimefanya kazi pamoja, kwa hiyo msije mkaacha dawa mkasema mlisoma mahali kwamba kijiko kimetosha.

Kuhusu alizeti kuwa sumu, sikubaliani. Mafuta ya mbegu yakichukua nafasi ya mafuta magumu, lehemu mbaya hushuka. Hilo limepimwa mara nyingi. Ninachokubali ni kwamba tunayatesa. Pita barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida uone vidumu vyeupe vimepangwa juani kutwa nzima vikisubiri magari. Alizeti ina mafuta laini yanayoharibika upesi kwa mwanga, joto na hewa, na kidumu kinachopitisha mwanga, kikikaa juani siku baada ya siku, kimeanza kuharibika kabla hujafungua kifuniko. Nenda kwenye mashine yenyewe, ulize yamekamuliwa lini, onja. Yakikwaruza koo au yakinuka kama rangi ya ukutani, acha. Yale ya mashine ndogo ambayo hayajasafishwa huwa na machujo. Yaache yatulie, mimina ya juu polepole. Hayo ni mazuri kwa kuunga kwa moto wa kadiri, lakini kwa kukaanga yanatoa povu na moshi mapema. Karai linataka alizeti iliyosafishwa kiwandani. Tena iliyosafishwa na kuongezwa vitamini A ina faida nyingine kwa watoto; angalia maandishi kwenye dumu.

Kwenye makopo ya mafuta ya mimea ya kuganda, soma yaliyoandikwa nyuma. Kama kuna neno la haidrojeni, yarudishe rafuni. Ugandishaji usiokamilika wa namna hiyo huzalisha mafuta ya transi, na hayo ni mabaya kwa moyo kuliko samli na kuliko mafuta ya ng'ombe. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi ziyaondoe kwenye chakula ifikapo 2023. Hapa sina ubishi na wapenzi wa samli: kama chaguo ni kati ya kopo hilo na kijiko cha samli halisi, nachukua samli.

Kinachonisumbua zaidi ni karai la biashara, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunakula mafuta mabaya bila kujua. Mafuta yaliyokaangia jana, juzi na wiki iliyopita, yakaongezwa mapya juu, yanaharibu na hayo mapya. Iwe ya ng'ombe au alizeti, mambo ni yale yale. Yakianza kutoa moshi kabla hujatia kitu, yakibakisha povu lisilozimika, yakiwa mazito na yananata kwenye mwiko, yamekwisha. Nayachuja kila ninapomaliza, makombo yasiendelee kuungulia humo, nayafunika yakipoa na kuyaweka gizani. Nayatumia tena mara chache, kisha nayamwaga kwenye shimo la taka, si mtaroni. Kumwaga mafuta ni kumwaga fedha, na kuna siku roho inauma. Nimeongeza bei ya andazi kidogo ili kufidia, na nimewaeleza wateja kwa nini. Baadhi wamehama. Waliobaki wananiuliza karai la leo limebadilishwa lini, na ninawaambia.

Karai la mafuta ya ng'ombe nimeliacha kwa Jumamosi tu, siku ya mnada, kwa wazee wanaolila andazi likiwa bado linachoma vidole. Mkaa wake nimeuingiza kwenye bei.